Bahari Huanzia Mlimani

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya bahari ni ya wavuvi tu, na kwamba mtu akaaye bara hayamhusu. Sivyo, nayo Amani yatuonyesha sababu.

Amani iko katika milima ya Usambara Mashariki. Misitu yake, iliyofanywa hifadhi mwaka 1997, hupata mvua nyingi. Majani na mizizi huipunguzia mvua nguvu. Maji huzama ardhini, kisha hutoka polepole katika vijito viingiavyo mto Zigi. Mto huo huwapa watu wa mji wa Tanga maji ya kunywa, halafu huishia katika Bahari ya Hindi.

Miti ikikatwa, au shamba la mteremko likilimwa bila matuta, mvua huchukua udongo hadi pwani. Mikoko huzuia sehemu ya tope. Lakini nayo ikimalizwa kwa kuni, tope hufika kwenye matumbawe. Matumbawe si mawe matupu, bali ni kazi ya viumbe hai vidogo sana, ambavyo hulishwa na mwani uishio mwilini mwao. Mwani huo hutaka mwanga wa jua. Tope likizidi, viumbe hivyo hufa, na samaki hukosa chakula na maficho.

Adui wa pili ni baruti, iliyokatazwa na sheria. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wachanga, na kuvunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Mvuvi wa namna hiyo hula leo chakula cha watoto wake cha kesho.

Hata hivyo tumaini lipo. Katika mradi ulioanza Tanga mwaka 1994, vijiji vilikubaliana kufunga baadhi ya miamba ili samaki waongezeke. Mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, hata akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938.

Basi, tufanyeje? Mkulima wa mlimani achimbe matuta, na aache miti kando ya kijito. Mama aendaye sokoni amtazame samaki vema: auawaye kwa baruti mara nyingi huwa amevunjika uti wa mgongo. Asimnunue. Baruti isiyo na soko haina faida, na mlima uliotunzwa huilinda bahari.