Mtoto Anapougua, Nani Aombe Ruhusa Kazini?



Ni alfajiri. Mtoto wenu wa miaka miwili amelia usiku kucha, mwili moto kama jiko. Mama ni mwalimu, na darasa linamngoja. Baba anaingia zamu kiwandani saa moja. Mnatazamana. Baba anafunga kamba za viatu na kusema, "Mama Watoto, wewe ndiye unayejua mambo ya hospitali. Nitapiga simu saa nne." Mlango unafungwa.

Hii ni mara ya tatu muhula huu mama kuomba ruhusa. Mwalimu mkuu anamruhusu kwa uso uliokunjamana. Jioni baba anauliza, "Mtoto hajambo?" Anajibiwa neno moja tu: "Hajambo." Mtoto atapona kabla ya Jumapili, lakini uchungu ulio ndani ya neno hilo waweza kukaa kifuani mwa mama miezi mingi.

Mtoto ni wa wawili

Someni Marko sura ya 5. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu mwenye shughuli na heshima zake. Binti yake alipokuwa mahututi, alikwenda mwenyewe kumwomba Yesu, akapiga magoti mbele ya watu. Naye Yesu alipoingia alipolala mtoto, aliwachukua baba na mama pamoja. Mwaka 1981, katika waraka wa Familiaris Consortio, Papa Yohane Paulo II aliwakumbusha waume kwamba kazi yao isiwe sababu ya utengano nyumbani. Baba akishika zamu yake kando ya kitanda, hapungukiwi na ubaba wake.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili, kwa kila miezi 12 ya utumishi. Likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi mwenyewe akiugua, si ya mtoto wake. Ndiyo maana wengine hushawishika kudai kwamba wao ndio wagonjwa. Msifanye hivyo. Uongo ukigunduliwa, familia yaweza kukosa mshahara wakati ule ule inapohitaji dawa. Semeni ukweli mapema, ombeni kubadilishana zamu, na mwonyesheni mwajiri karatasi ya zahanati. Kila mmoja wenu pia aweke akiba siku chache za likizo yake ya mwaka, asizimalize zote Desemba.

Kwa mwenye kibarua au anayeuza mboga sokoni hakuna likizo. Siku asipokwenda, hakuna unga. Hapo pigeni hesabu pamoja bila kuoneana haya: leo nani atapoteza kidogo zaidi? Lakini jibu lisiwe mtu yule yule kila mara. Anayekwenda kazini naye ana deni: akirudi, akeshe na mtoto, apike uji, aoshe nguo zilizotapikiwa, ili mwenzake alale. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku isiyo na hesabu

Mtoto mdogo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au akipumua kwa shida, msingoje jioni wala ruhusa ya mtu. Aliye karibu amkimbize hospitalini, na mwingine afuate. Wala msimwachie yaya peke yake mzigo huo. Huenda akaogopa kuwaambia jinsi hali ilivyo.

Mwafikiane mapema

Alfajiri yenye homa si wakati wa kuanza mabishano. Leo jioni, mtoto akiwa mzima, ketini. Andikeni ni nani atakayetangulia kuomba ruhusa na nani atafuata mara ya pili. Wekeni kando nauli na fedha za dawa. Ombeni nyanya, shangazi au jirani wa Jumuiya mnayemwamini awe tayari kuwasaidia. Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika ugonjwa na afya. Ahadi hiyo inamfikia na huyu mdogo mliyejaliwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Mara tatu za mwisho mtoto alipougua, nani alikosa kazi? Tulimshukuru?
2. Je, kila mmoja wetu anajua dawa na vipimo alivyopewa mtoto?
3. Kuna neno lililobaki kifuani tangu wakati huo? Tuliseme leo, kwa upole.