Mkono wa Mtu Angani: Vitabu vya Rubani Anayetua Sumbawanga

Taja Sumbawanga na kuruka angani katika sentensi moja, na mtu wa Dar es Salaam atakuuliza habari za ungo wa wachawi. Wafipa, wenyeji wa mji huo, wamechoka na utani huo, hasa kwa kuwa jina la mji wao, kwa maelezo yanayosimuliwa na wengi, lina maana iliyo kinyume chake: tupa uchawi. Hata hivyo tuukubali utani kwa dakika moja, maana unatufikisha kwenye jambo zito. Ajali ikitokea, neno linalosikika mapema msibani ni lilelile: "Kuna mkono wa mtu."

Wachunguzi wa ajali za ndege nao mara nyingi huukuta mkono wa mtu. Tofauti ni kwamba hawaishii hapo. Huuliza mkono huo ulikuwa wa nani, ulilala saa ngapi, ulifundishwa na nani, na kwa nini ulichokifanya kilionekana sahihi wakati ule. Vitabu vizuri vya urubani vimezaliwa na maswali hayo.

Makala haya yanamlenga kijana anayesomea urubani, rubani anayepangiwa safari yake ya kwanza ya Rukwa, mkoa uliko mji huo, na abiria anayetaka kujua kinachompitia kichwani mtu aliyekaa mbele. Kiwanja cha Sumbawanga, kilichokuwa cha vumbi kwa miaka mingi, kiliingia katika ujenzi wa lami. Lami huleta ndege nyingi zaidi, lakini haiushushi mwinuko wala haimbadilishi binadamu. Vitabu vyenyewe viko kwa Kiingereza, basi soma na daftari pembeni, na kila sura ukiimaliza iandike upya kwa Kiswahili chako. Usichoweza kumweleza mdogo wako hujakielewa.

Kwanza: kitabu cha ndege yenyewe

Kila ndege huja na kitabu chake cha uendeshaji kutoka kwa mtengenezaji. Wanafunzi wengi hukisoma kwa ajili ya mtihani, kisha kinabaki mfukoni nyuma ya kiti. Kwa safari ya Ufipa, uwanda uliko mji wa Sumbawanga, fungua majedwali ya umbali wa kuruka na kutua, uchukue kalamu.

Sumbawanga iko karibu futi 5,900 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 1,800 hivi. Katika hesabu za anga, joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15, na hupungua nyuzi 2 hivi kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo "kawaida" ya Sumbawanga ni nyuzi 3 tu. Mchana wenye nyuzi 25 una ziada ya nyuzi 22. Kila nyuzi ya ziada huongeza karibu futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi, na 22 mara 120 ni 2,640, za kujumlisha na zile 5,900. Magurudumu yamekanyaga Sumbawanga, lakini bawa, injini na rafadha vinafanya kazi kana kwamba viko futi 8,500.

Injini ndogo isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Hapo robo ya nguvu imeshaondoka kabla hujaachia breki. Ndege iliyopaa bila shida Dar es Salaam ikiwa na abiria watatu na mizigo yao inaweza kugoma kupaa hapa ikiwa na abiria haohao. Dawa ni hesabu: punguza mzigo, ondoka asubuhi na mapema hewa ikiwa ya baridi, na rekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa kama kitabu cha ndege yako kinavyoelekeza.

Pili: kitabu cha bawa

Wolfgang Langewiesche alichapisha *Stick and Rudder* mwaka 1944, na hadi leo walimu wa urubani wanakipendekeza. Ndege zake ni za zamani, lakini bawa halijabadilika. Hoja yake kuu ni moja: bawa hubeba ndege kwa pembe ambayo kwayo linakutana na hewa. Ukiizidisha pembe hiyo, hewa huachana na mgongo wa bawa, na uwezo wa kunyanyua huporomoka. Hilo linaweza kutokea kwa mwendo wowote.

Rubani wa Sumbawanga anakihitaji kitabu hiki kwa sababu ya macho yake. Chukua ndege inayokuja kutua kwa noti 65 kwenye kipima mwendo, siku isiyo na upepo. Usawa wa bahari, katika joto la kawaida, itaipita ardhi kwa noti 65. Katika hewa ile nyepesi ya futi 8,500, kipima mwendo kinasoma 65 vilevile, lakini ardhi inapita kwa noti 74 hivi. Rubani aliyezoea pwani ataona majani na mabati yanakimbia kupita kiasi. Mkono wake, bila kumwuliza, utaanza kuvuta usukani ili apunguze mwendo. Akifanya hivyo huku akikata kona ya mwisho kuelekea kwenye njia ya kutua, amekaribisha balaa akiwa chini mno kujiokoa. Bawa haliijui ardhi. Linaijua hewa tu, na mjumbe wa hewa ni kipima mwendo.

Kiambatanishe na vitabu vya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani: *Airplane Flying Handbook* na *Pilot's Handbook of Aeronautical Knowledge*. Vyote hupakuliwa bure mtandaoni. Huna haja ya kuchapa kitabu kizima. Pakua, kisha chapa stesheneri sura unazozihitaji: hali ya hewa, uwezo wa ndege, na maamuzi ya rubani.

Tatu: somo la mahali

Robert Buck, kapteni wa zamani wa shirika la ndege la TWA, aliandika *Weather Flying* mwaka 1970. Uzuri wake ni kwamba hakufundishi utabiri. Anakufundisha kujiuliza: utabiri huu ukikosea, mimi nitakwenda wapi?

Lipeleke swali hilo Ufipa. Uwanda huu umekaa kama meza kati ya mabonde mawili: Ziwa Tanganyika magharibi, maji yake yakiwa karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa mashariki, karibu mita 800. Juu ya mji imesimama milima ya Mbizi, na upande wa Rukwa uwanda unakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Hewa hufuata ardhi kama maji yafuatavyo mawe ya mto. Upepo wa kusini-mashariki ukigonga ukingo hupanda, na ukivuka kilele huporomoka upande wa pili ukiisukuma ndege chini. Kwa hiyo uendee mlima ukiwa na urefu wa ziada, na uukaribie kwa mshazari ili kugeuka kuwe rahisi. Masika wingu linaweza kukaa juu ya uwanda huku bonde likiwa jeupe. Kiangazi moshi wa majani yanayochomwa unafuta mstari kati ya mbingu na nchi.

Ongeza usiku. Uwezo wa macho kuona gizani huanza kupungua kuanzia futi 5,000 hivi. Sumbawanga umeshaipita alama hiyo ukiwa bado unafunga mkanda.

Nne: vitabu vya binadamu

Frank Hawkins, aliyekuwa kapteni wa shirika la ndege la KLM, alitoa *Human Factors in Flight* mwaka 1987. Anamweka mtu katikati na kumzungushia vitu vinne: taratibu na maandishi anayofuata, mashine, mazingira, na watu wenzake. Ajali, anasema, hujificha pale ambapo mtu hakupatana na mojawapo.

James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alichapisha *Human Error* mwaka 1990. Mfano wake maarufu ni wa vipande vya jibini lenye matundu. Sisi tuchukue chekeche, ndugu yake ungo. Panga machekeche matano: mafunzo, matengenezo, hali ya hewa, ratiba ya kampuni, rubani. Kila moja lina tundu lake. Ukiyapanga ovyo, punje inayopita la kwanza inanaswa na la pili. Siku matundu yote yakikaa mstari mmoja, inafika chini.

Sidney Dekker, katika *The Field Guide to Understanding Human Error*, anakwenda mbali zaidi. Kwake, "kosa la rubani" si jibu. Ni mahali pa kuanzia kuuliza. Hapa ndipo utani wetu wa mwanzo unapogeuka. Anayesema "amerogwa" na anayesema "rubani mzembe" wamefanya jambo moja: wamemtaja mtu, wakafunga mazungumzo, na tundu likabaki wazi likimsubiri mwingine.

Tano: ripoti za ajali

Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba, asubuhi ya 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Simu zilijaa sababu kabla wachunguzi hawajaanza kazi. Jizoeze kusubiri ripoti rasmi. Kwa utaratibu wa kimataifa, uchunguzi wa ajali ya ndege una lengo la kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama, na hiyo ndiyo faida ya kuusoma.

Anza na safari namba 507 ya Kenya Airways. Usiku wa manane wa 5 Mei 2007, Boeing 737-800 iliondoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi. Nje kulikuwa na giza na mvua ya radi. Kapteni alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha ushike ndege. Haukushika, na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia taratibu mno kiasi kwamba mwili haukuhisi. Walipogundua, kapteni alikuwa amepoteza mwelekeo, na namna alivyojaribu kuirekebisha iliizidishia ndege ulalo. Watu wote 114 walikufa, dakika chache tu baada ya kupaa. Mwili unaokwambia "tuko sawa" hauna ushahidi pasipo mstari wa upeo. Sasa jifikirie umepaa usiku kuelekea Ziwa Tanganyika, mbele hakuna hata taa moja.

Ya pili ni United 173, iliyoanguka Portland, Marekani, tarehe 28 Desemba 1978. Ndege hiyo, DC-8, ilikuwa na hitilafu ya magurudumu. Wafanyakazi walizunguka karibu saa nzima wakiishughulikia, hadi injini zikazimika kwa kukosa mafuta. Kati ya watu 189, 10 walifariki. Habari za mafuta zilitajwa katika chumba cha marubani, lakini hazikutajwa kwa nguvu ya kumtoa kapteni kwenye magurudumu. Kutokana na ajali hiyo na nyingine za aina yake, mashirika ya ndege yakaanza kufundisha marubani namna ya kusikilizana.

Somo hilo linatugusa kwa namna ya pekee. Rubani msaidizi wa miaka 24 aliyemwamkia kapteni "shikamoo" asubuhi atawezaje kumpinga saa tano baadaye? Heshima si adui wa usalama. Fundo ni maneno ya kuzungukazunguka. "Kapteni, mafuta hayajapungua kweli?" ni adabu inayoweza kuua. "Kapteni, mafuta yamebaki ya dakika 15. Nashauri tutue sasa," ni adabu pia, na inafika. Na kapteni mwenye busara huianza siku kwa kusema: ukiona jambo, niambie, hata kama nimenuna.

Mwisho: ukurasa unaouandika mwenyewe

Ukishasoma, andika. Ukurasa mmoja, kwa mkono wako, usiku wa kuamkia safari, kabla hujakaa kiti cha mbele na haraka za watu hazijakufikia. Huu hapa mfano:

- Mwili: naumwa? natumia dawa yoyote, ikiwemo ya mafua inayoleta usingizi? nina msongo? nimelala? nimekula? Pombe, iwe kimpumu au bia: angalau saa 8 kabla ya kuruka, na zaidi kama nilizidisha.
- Mafuta: siendi Sumbawanga bila mafuta yatakayotosha, nikishindwa kutua, kufika kiwanja cha Songwe, Mbeya, na akiba juu yake.
- Njia ya kurukia: nikifika nusu yake sijapata asilimia 70 ya mwendo wa kupaa, nakata nguvu na kusimama.
- Wingu: nisipouona mlima ninaotakiwa kuuona, nageuka nikiwa bado na nafasi ya kugeuka.
- Watu: mgonjwa, harusi au mheshimiwa mwenye mkutano saa nne habadilishi mstari wowote hapo juu.

Mstari wa mwisho ndio mgumu kuliko yote, na abiria ana sehemu yake ndani yake. Kila anayeguna rubani anapoahirisha safari anatoboa tundu jingine kwenye chekeche. Kwa hiyo siku mkiwa juu ya bonde la Rukwa, rubani akatangaza kwamba mnarudi Songwe kwa sababu uwanda umefunikwa, usitafute mchawi. Kuna mkono wa mtu hapo, naam: ule ulioshika kalamu usiku wa jana.