Jumanne: Kilichobaki Ndani ya Mashua

Soma Matendo 27:18–25, 38. Ni vitu gani vilivyotupwa baharini? Ni nini ambacho dhoruba haikuweza kukichukua?

Baada ya Saigon kuanguka Aprili 30, 1975, mamia ya maelfu ya Wavietnamu waliikimbia nchi yao kwa njia ya bahari. Mashua nyingi zilikuwa ndogo na zilijaa watu kupita kiasi, hivyo kila familia ilipaswa kuchagua. Wengi walishona dhahabu ndani ya nguo. Wengine walificha picha za wazazi na anwani ya ndugu aliye ng'ambo.

Katika Ghuba ya Thailand maharamia walizipekua mashua nyingi wakitafuta dhahabu. Karatasi ya anwani haikuwa na thamani kwao. Lakini katika kambi ya Pulau Bidong, Malaysia, anwani hiyo ingeweza kumfungulia mkimbizi njia ya kuwafikia ndugu zake.

Tusiwahukumu waliobeba dhahabu. Kwa wengi ndiyo iliyokuwa nauli. Lakini tujiulize: tumeshikilia nini? Meli ya Paulo ilipoteza shehena, vyombo na ngano, wala hakuna mtu aliyeangamia, kwa kuwa ahadi ya Mungu ilisimama. Waamini wa Waebrania 10:34 nao walinyang'anywa mali, wakabaki na urithi usioweza kuporwa.

Ikiwa ungelazimika kuondoka nyumbani usiku huu na mfuko mmoja tu, ungebeba nini, na kwa nini? Darasa lenu linaweza kumtendea nini mkimbizi aliyefika kwenu mikono mitupu?