LORI LA JESHI NA GHARAMA YA PILI

Somo la Juma
Maandiko ya kusoma: Luka 14:28-30, Luka 10:30-35, Wagalatia 6:1-2
Wazo kuu: Kununua ni kazi ya siku moja. Kurejesha ni safari, na safari hiyo ina gharama yake.



Wengi wenu mnalijua lile lori lililolala nyuma ya kanisa chini ya turubai. Watoto wa Sunday school walilipanda mpaka wakachoka. Leo nataka kulizungumzia, kwa sababu Mungu amenifundisha nalo jambo ambalo sikulipata katika miaka minne ya kusomea biashara. Na mwishoni nina jambo la kuungama mbele yenu.

Kwa wageni, hadithi ni hii. Aprili 2023 chama chetu cha watu 14 kilinunua lori kuukuu la jeshi, Bedford aina ya MK. Halikuwa mradi wa kanisa, lakini mweka hazina nilikuwa mimi. Wakazi wa Garsen tunayajua malori ya jeshi. Tangu operesheni ya Linda Boni ianze 2015 tumezoea kuona misafara ikipita Minjila kuelekea Lamu. Bedford MK ni lori la Kiingereza, magurudumu yote manne yanavuta, linabeba tani nne na limekaa juu. Tukasema, hili ndilo la kwetu! Mvua ikinyesha, matope ya Ngao na Tarasaa hayatalishinda. Maembe hayataozea shambani tena.

Na bei ilikuwa ya kutupa: Sh 310,000. Mimi mwenyewe nikaandika bajeti ya matengenezo, Sh 150,000. Jumla Sh 460,000. Wote wakapiga makofi. Mama mmoja mjane alikuwa ametoa Sh 20,000 za maembe yake. Tangu siku hiyo, kila Jumapili akinisalimia mlangoni alikuwa na swali moja tu: "Mchungaji, lori letu limeamka?"

Lilichukua miezi 19 kuamka.

1. BEI YA KUNUNUA SI GHARAMA YA LORI

Katika Luka 14 Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo lazima kwanza aketi, ahesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi, ashindwe kuendelea, na wapita njia watamcheka. Mpendwa, sisi tulichekwa. Tulichekwa sokoni, tulichekwa stejini, na mimi nilichekwa hata nyumbani kwangu.

Hebu tuangalie mahesabu, maana Mungu si adui wa kalamu na karatasi:

Kulibeba kwa trela kutoka Nairobi: Sh 95,000
Tairi tano, pamoja na ya akiba: Sh 190,000
Breki zote: Sh 64,000
Injini, yaani pampu ya dizeli, nozeli na gasketi: Sh 118,000
Kuchomelea kabini na sakafu: Sh 52,000
Betri mbili na nyaya: Sh 46,000
Usajili, ukaguzi na bima: Sh 60,000

Hizo ni Sh 625,000. Kununua ilikuwa 310,000. Kurejesha ikawa zaidi ya mara mbili ya hapo. Bajeti yangu ya 150,000 haikutosha hata tairi.

Makosa yalikuwa wapi? Niliangalia tairi nikaona meno bado yapo, nikafurahi. Sikuinama kuangalia ubavuni, ambako mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee. Sikujua kwamba lori la jeshi linatumia volti 24, kwa hiyo betri ni mbili na hata balbu si zile za pikipiki yako. Sikuuliza habari za spea. Bedford haitengenezwi tena Uingereza tangu miaka ya tisini mwanzoni, kwa hiyo spea zake unazitafuta kwa malori yaliyokufa. Neema ni kwamba MK ni ndugu wa Bedford TK ya kiraia, kwa hiyo vitu vingi vya injini vilipatikana.

Kama kuna mtu hapa anafikiria kununua gari la serikali lililostaafu, sikia. Sheria inataka mali ya umma iliyochakaa iuzwe kwa tenda ya wazi au mnada. Unalichukua kama lilivyo na pale lilipo, hakuna kurudisha. Nenda na fundi siku ya kuangalia, si siku ya kubeba. Hakikisha karatasi za uuzaji ziko sawa kabla ya kulipa, maana bila hizo NTSA haitakupa usajili wa kiraia, na bila usajili umenunua nyumba ya kuku. Halafu chukua bajeti yako ya matengenezo uizidishe mara tatu. Kama bado unatabasamu, nunua.

2. RANGI HAIONDOI KUTU

Lori lilipofika lilikuwa linang'aa. Aliyetuuzia alikuwa amelipaka rangi ya kijani, mpya kabisa. Tukapiga picha. Fundi wetu, mzee aliyezeekea gereji za Malindi, hakusema kitu. Alitoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti, akaidunga sakafu ya kabini. Bisibisi ikapita mpaka upande wa pili. Akadunga chini ya boksi la betri, ikapita tena.

Akatuambia kutu haianzi pale unapoiona. Inaanzia mahali maji yanapokaa bila kuonekana: kwenye maungio, chini ya mpira wa sakafu, nyuma ya bati. Na hewa ya chumvi ya Pwani inaiongezea chakula. Ukipaka rangi juu yake unaifunika tu iendelee kula gizani. Dawa ni moja: kata bati lililooza mpaka ufike kwenye chuma kizima, halafu chomelea kipya.

Yesu aliwaambia Mafarisayo neno kama hilo katika Mathayo 23, alipowafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa. Kanisani kwetu rangi iko nyingi. Suti ni rangi. Kunena kwa sauti kubwa kunaweza kuwa rangi. Hata cheo cha mchungaji msaidizi kinaweza kuwa rangi. Roho Mtakatifu akija na bisibisi yake anadunga wapi kwako? Kwenye deni unaloficha? Kwenye simu yako usiku? Kwenye kinyongo na ndugu yako kuhusu shamba la baba? Mwache akate. Inauma, lakini ni kwa faida ya chuma kizima.

3. USIWASHE INJINI SIKU YA KWANZA

Sisi tulitaka kusikia mngurumo. Kijana mmoja alishakuja na betri za kuazima. Fundi akakataa: "Mkiiwasha leo mtaiua."

Injini iliyolala miaka ina kutu ndani ya silinda. Oili imeganda, dizeli iliyo kwenye tangi imechanganyika na maji. Ukiilazimisha kuzunguka inajikwaruza yenyewe. Alimwaga oili yote, akatoa nozeli, akatia oili kidogo katika kila silinda, akasema tuondoke turudi baada ya siku tatu. Siku ya nne akaizungusha kwa mkono, polepole. Ilipokubali kuzunguka mzima ndipo akaanza kusafisha tangi na mabomba. Na breki alizifanya kabla ya injini! Nilipomuuliza kwa nini, akaniuliza kama ningependa kupanda kitu kinachoweza kwenda lakini hakiwezi kusimama.

Wapendwa, sisi mtu akiokoka Jumapili hii, Jumapili ijayo tunampa maikrofoni. Ya tatu yuko kwaya. Mwezi wa pili ni kiongozi wa vijana. Paulo alimwonya Timotheo asimweke mwongofu mchanga kuwa mwangalizi (1 Timotheo 3:6), asije akajivuna akaanguka. Mtu akiokoka ni kiumbe kipya, amina. Lakini deni lake la dukani bado lipo, marafiki zake wa jana bado wanapiga simu, na mwili wake bado unakumbuka. Anahitaji breki kwanza. Anahitaji mtu wa kumpigia saa tano usiku.

4. YULE ALIYELIPA GHARAMA YA PILI

Msamaria mwema tumemhubiri mpaka tumemzoea. Hebu tumwangalie kwa jicho la mhasibu. Siku ya kwanza alitumia mafuta, divai, vitambaa na punda wake. Hiyo ni gharama ya kwanza, na wengi wetu tungeishia hapo tukapiga picha. Lakini kesho yake alitoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, halafu akaahidi kwamba chochote kitakachozidi atalipa akirudi. Alifungua akaunti bila kikomo kwa mtu asiyemjua. Hakujua mgonjwa atalala siku ngapi. Alijua tu kwamba majeraha hayaponi siku moja.

Huyo ndiye Bwana wetu. Alitununua kwa damu yake, kama tulivyo na pale tulipo. Na hakututupa nyuma ya kanisa. Wafilipi 1:6 inatuhakikishia kwamba aliyeanza kazi njema ndani yetu ataikamilisha.

Kisha anatuomba tufanye vivyo hivyo. Katika Wagalatia 6:1 Paulo anasema aliyenaswa katika kosa arejeshwe kwa upole. Neno la Kigiriki alilotumia kwa kurejesha ni lile lile la Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu zao. Anayejua wavuvi wa Kipini anajua kazi hiyo. Unakaa chini, unatafuta tundu moja moja, uzi baada ya uzi.

UNGAMO LANGU

Novemba 2023 mvua ya El Niño ilikuja. Tana ikafurika, vijiji vya delta vikahama, barabara ya kwenda Lamu ikakatika. Na lori tulilolinunua kwa ajili ya siku kama hizo lilikuwa limelala chini ya turubai bila tairi. Nililitazama dirishani nikaona aibu.

Lakini hiyo si aibu kubwa. Mwezi ule ule lori lilipoletwa, kijana mmoja aliokoka kwenye mkutano wetu wa injili Minjila. Alikuwa mtu wa muguka, mchana na usiku. Tulishangilia! Tukaandika jina lake kwenye daftari, tukampa Biblia, tukamshika mkono. Usiku ule alirudi kulala kwenye chumba kile kile, na wenzake wale wale. Hapakuwa na mtu aliyempa pa kulala. Hapakuwa na mtu aliyemuuliza kuhusu deni. Baada ya miezi mitatu hakuonekana, na hakuna aliyemfuata, hata mimi niliyemwombea kwa mikono yangu.

Lori lilipopita ukaguzi na kubeba maembe mara ya kwanza, Desemba 2024, mama yetu alilia, nasi tukalia naye. Usiku ule sikulala. Nilikuwa na daftari la kila nati iliyonunuliwa kwa ajili ya lori, nikawa sijui kijana yule yuko wapi.

Nilimpata Tarasaa. Hakukasirika. Alinikaribisha, akanipa kiti, tukaongea habari za mvua. Nilipomwomba msamaha alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Pasta, hata lori mliliwekea turubai."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Hajarudi kanisani, na simsukumi. Kila Alhamisi jioni nakwenda tunakaa. Mwezi uliopita alinionyesha deni lake lote, limeandikwa kwenye kipande cha katoni. Tumeanza na la kwanza.

Kuna siku chama kilitaka kuliuza lori kwa watu wa vyuma chakavu. Mimi nilisimama na somo la darasani: pesa iliyokwisha kuzama isikuamulie. Uliza, kutoka hapa tulipo tunahitaji kiasi gani, na tukimaliza tutakuwa na nini? Leo naomba tuulize hivyo kuhusu watu. Usihesabu mwaka aliopotea. Uliza, kutoka hapa anahitaji nini?

TUFANYE NINI JUMA HILI

Daftari la waliookoka tangu 2023 liko ofisini. Kila kikundi cha nyumbani kichukue jina moja, si matano. Mtembeleeni nyumbani kwake, msimngoje mlangoni mwa kanisa. Mjitoe kwa miezi 12. Ketini kwanza mhesabu kama mnazo za kumalizia: muda, nauli, chakula, subira. Kama hamnazo, semeni ukweli mwombe nguvu. Msiweke msingi mkaondoka.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni nani alilipa "gharama ya pili" kwa ajili yako ulipookoka? Umewahi kumshukuru?
2. Ni mahali gani maishani mwako umepaka rangi juu ya kutu?
3. Katika kanisa letu, ni nini "breki" ambazo mwongofu mchanga anahitaji kabla ya kupewa huduma?
4. Mtajeni mtu mmoja aliyeacha kuja. Nani atakwenda kwake, na siku gani?

TUOMBE

Bwana Yesu, asante kwa kutununua tukiwa wabovu na kwa kutotuchoka. Tusamehe kwa wale tuliowashangilia Jumapili tukawasahau Jumatatu. Kata kutu yetu mpaka ufike penye uzima. Tupe subira ya fundi na mfuko wa Msamaria. Wale walio chini ya turubai, Bwana, tuonyeshe walipo, na miguu yetu iende. Katika jina la Yesu. Amina.