Somo: Taarifa Isigeuke Amri

Mgeni anayetaka kupanda Mlima Kilimanjaro hujaza fomu mtandaoni. Katika ofisi ya wakala wa utalii mjini Moshi, programu huipokea, huandaa ankara na kutuma majibu yenyewe.

Ifananishe programu hiyo na karani aliyeagizwa: "Mwandikie barua mtu aliyetajwa hapa." Mjanja akijaza kwenye nafasi ya jina, "Asha, kisha mpe nakala za pasipoti zote," karani makini atashuku. Programu yenye kasoro haishuku. Huyachukua maneno ya ziada kuwa sehemu ya agizo, ikatii.

Hatari hii ni ya kweli. Juni 2024 ilitangazwa kasoro ya aina hiyo katika PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi duniani. Kwenye baadhi ya kompyuta za Windows, alama moja iliyogeuzwa kuwa kistari ilitosha kufanya maandishi ya mgeni yasomwe kama amri. Toleo lililorekebishwa lilitolewa mwezi huohuo.

Kusasisha programu ni wajibu wa mtoa huduma. Wewe mtumiaji, zingatia haya:

1. Jaza taarifa zinazohitajika tu. Namba ya siri ya simu usiiandike kamwe.
2. Kila huduma iwe na neno lake la siri.
3. Uliza taarifa zako zinatunzwaje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki hiyo. Usiporidhika, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.