Kufundisha Mtandao wa Nyumbani katika Darasa la Tano

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulimkagua mwalimu-mwanafunzi mmoja katika shule ya msingi hapa Mjimwema, Songea. Somo lake lilihusu mtandao wa nyumbani. Mchoro wake ubaoni ulikuwa safi, na darasa liliitikia kwa sauti moja. Lakini tulipowauliza watoto intaneti hutoka wapi, wote walikinyoshea kidole kisanduku kilichokuwa mezani.

Kosa halikuwa la watoto. Kisanduku kile hufanya kazi tatu, naye mwalimu alizifundisha kama kazi moja. Ndani yake mna modemu, ambayo hupokea mawimbi kutoka nje na kuyageuza yawe taarifa. Mna ruta, ambayo hugawa taarifa hizo kwa kila chombo. Na mna sehemu ya kurusha mawimbi nyumbani, ambayo watu huiita waifai. Huko Marekani nyumba nyingi hupokea intaneti kwa waya ule ule wa kebo ya televisheni. Kwetu aghalabu ni laini ya simu. Njia ya nje hutofautiana, kazi ya ndani ni ile ile.

Kwa hiyo twapendekeza mwalimu aanze kwa kuikata njia ya nje. Aitoe laini kisandukuni, azime data ya simu yake, kisha ajaribu kufungua ukurasa wowote. Alama ya waifai itaonekana, lakini ukurasa hautafunguka. Sasa aandike 192.168.1.1, au anwani iliyobandikwa chini ya kisanduku: ukurasa wa kisanduku chenyewe utafunguka. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba mtandao wa ndani ungali hai, na kwamba intaneti ilikuwa ikitoka kwingine. Hapo ndipo ramani itundikwe, aonyeshwe Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa, ambako mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika mwaka 2009.

Shule isiyo na kisanduku itumie sanduku la posta. Shule nzima ina S.L.P. moja, na barua zikifika mwalimu wa zamu huzigawa kwa majina. Mwanafunzi mmoja awe mgawaji, wengine wapewe kadi zenye namba. Kila anayeomba kitu cha nje, mgawaji aandike daftarini. Kisha mnyang'anye daftari, majibu yarudi. Darasa litacheka, naye hatajua ampe nani.

Kuhusu mahali pa kuweka kisanduku, watoto wapime kwa hatua. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri kuliko yale ya 5, ijapokuwa haya ya pili yana kasi zaidi.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe mara moja, wala lisiandikwe ubaoni. Sisi tuliliandika mwaka mmoja, tukasahau kulifuta. Jioni vijana wa mtaa walikuwa wamejipanga chini ya dirisha, na kifurushi cha mwezi kilikwisha siku ya tatu.