SOMO LA SHERIA: MALIPO YA MAEGESHO KATIKA VIWANJA VYA WATU BINAFSI

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Jiji la Dodoma wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini, kwani linahusu jambo liwezalo kumpata kila mwenye gari. Swali ni hili: mwenye duka, hoteli au kiwanja anapodai fedha kwa gari lililoegeshwa kwake, je, dai hilo lina nguvu ya sheria?

1. Ushuru si deni. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza kodi ya aina yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Mtu binafsi hana mamlaka ya kutoza kodi wala faini, hata kama neno "FAINI" limeandikwa kwa rangi nyekundu langoni pake. Alicho nacho ni haki ya kudai deni litokanalo na mkataba.

2. Mkataba waweza kufanyika bila saini. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pendekezo laweza kukubaliwa kwa kitendo. Bango lililo wazi ni pendekezo; dereva alionaye kisha akaegesha amelikubali. Hivyo, kusema "sikutia saini" si utetezi. Lakini masharti sharti yaonekane kabla. Mwaka 1970, katika shauri la Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba masharti yaliyotajwa katika tiketi iliyotolewa na mashine langoni hayakumfunga dereva, kwa kuwa mkataba ulikwisha kufungwa. Hukumu za huko haziwafungi mahakimu wetu, ila zaweza kuzingatiwa. Pasipo bango, mwenye kiwanja aweza kukutaka uondoke, au kudai fidia kwa kuingilia ardhi yake. Hawezi kukutajia bei baada ya kuegesha.

3. Kiasi cha malipo. Tuseme bango linatoza shilingi 1,000 kwa saa, na shilingi 50,000 kwa atakayezidisha muda. Ile 1,000 ni bei iliyokubaliwa, nayo yapasa kulipwa. Ile 50,000 inatawaliwa na kifungu cha 74 cha Sheria hiyo: mdai hupata fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kilichotajwa, hata asipothibitisha hasara. Kwa hiyo 50,000 ni kikomo tu, na mahakama yaweza kutoa pungufu. Hata hivyo, dereva asidhani atashinda daima. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali dai la pauni 85 dhidi ya dereva aliyezidisha muda kwa karibu saa moja katika maegesho ya maduka mjini Chelmsford, kwa kuwa mabango yalikuwa wazi na lengo la kuwapisha wateja wengine lilikuwa halali.

4. Kulizuia gari. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali. Anayefunga mnyororo gurudumu la gari la mwenzake pasipo idhini ya sheria aweza kushtakiwa yeye na kudaiwa fidia. Uingereza na Wales zilipiga marufuku jambo hilo katika viwanja binafsi mwaka 2012. Njia iliyo salama ni kufungua madai. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya madeni ya mikataba kwa kiwango kilichowekwa na sheria.

Wenye magari wanashauriwa:
(a) kusoma bango kabla ya kuzima injini;
(b) kudai risiti na kuitunza;
(c) kulipa bei iliyotangazwa, na kupinga ziada kwa maandishi;
(d) kutogombana na mlinzi, kwani yeye ametumwa tu.

Wenye viwanja nao wanashauriwa kuweka bango la Kiswahili mahali pa kuingilia, lenye herufi zinazosomeka hata usiku, na kutaja viwango vya kadiri.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini sharti kwanza liwe deni.